Sura ya Nne: Daraja na Adabu za Kuku wa Kibanjani

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, ambazo zilikuwa wilaya moja mpaka mwaka 2012, kuku wa kienyeji hawekewi ukuta wala mpaka: mlango wa jikoni ukifunguliwa alfajiri hutoka, hujikung'uta manyoya, huota jua la kwanza uani, kisha hujitawanya kibanjani chini ya migomba na mikahawa, akichakura matandazo ya nyasi kutafuta mchwa, nyenje na nyungunyungu, wala harejei kulala mpaka jua limeelekea kuzama upande wa Rwanda. Mchana kutwa hapana mtu anayemchunga. Hujilisha mwenyewe, hujilinda mwenyewe, na huishi na wenzake kwa sheria ambazo mwenye nyumba hakuziweka na aghalabu hazijui.

Msafiri Speke na mwenzake Grant walipofika kwa Mukama Rumanyika, mfalme wa Karagwe, mwaka 1861, hii ilikuwa nchi ya ng'ombe. Mali, heshima na utawala vyote vilipimwa kwa pembe ndefu za ng'ombe, na kuku hakuingia katika hesabu ya fahari. Hata leo yeye ni mali ya akina mama na watoto zaidi kuliko ya waume, mali inayouzwa kwa haraka pindi sare ya shule au dawa inapohitajika, na kwa kuwa hutazamwa kama fedha ndogo ya mkononi, ni nadra mtu kukaa chini akamtazama kama kiumbe mwenye tabia, kumbukumbu na jamaa.

Ninalotaka kulithibitisha katika sura hii ni kwamba kundi la kuku wanaotembea huru ni jamii yenye daraja na haki, kwamba amani ya jamii ile ni mali ya mwenye kuku kama yalivyo mayai na nyama, na kwamba sisi wenyewe, kwa mikono yetu na pasipo kukusudia, ndio tunaoivunja amani hiyo mara nyingi kuliko mwewe na nguchiro. Jambo hili halionekani vema katika mabanda makubwa ya kuku wa kisasa, ambamo maelfu ya kuku wa umri mmoja na wa jinsia moja husongamana. Huonekana kibanjani, ambako jogoo mzee, pora, mitetea, matembe na vifaranga wa rika mbalimbali huishi pamoja mwaka baada ya mwaka na kujuana kwa sura.

Atakaye kuziona daraja hizo na amwage kiganja kimoja cha punje za mahindi mahali pamoja, asizitawanye, kisha asimame mbali. Mtetea mmoja, tuseme yule mweusi mwenye undu mwekundu uliosimama, atakwenda moja kwa moja mpaka katikati ya punje na kuanza kula bila kutazama kando. Wa pili atakuja karibu naye lakini atakula ubavuni, na mweusi akigeuza kichwa tu, atarudi hatua moja. Wa tatu atazunguka. Wa mwisho, ambaye mara nyingi ni tembe mwembamba au kuku aliyenunuliwa majuzi, atasimama pembeni shingo ikiwa imenyooka na mwili ukiwa tayari kukimbia, kisha atajipenyeza kwa ghafula, atanyakua punje moja, na kwenda kuila mbali nyuma ya mgomba. Zingatia kwamba katika mambo yote hayo huenda asidonwe hata mmoja. Aliyezoea kudhani kuwa kuku ni viumbe wa fujo na ugomvi atastaajabu jinsi mambo mengi yanavyoamuliwa kwa jicho, kwa mgeuko wa shingo na kwa hatua ya nusu.

Mtu wa kwanza kuliandika jambo hili kwa utaratibu wa elimu alikuwa Thorleif Schjelderup-Ebbe wa Norway, aliyezaliwa mwaka 1894, ambaye tangu utotoni alikuwa akiwatazama kuku na kuandika daftarini nani kamdona nani, na mwaka 1922 akachapisha kwa Kijerumani aliyoyaona. Alionyesha kwamba katika kila kundi la mitetea, baina ya kila wawili wanaojuana, mmoja ana haki ya kumdona mwenzake na yule mwingine hana haki ya kujibu, na kwamba haki hiyo, ikishapatikana kwa pambano moja la mwanzo, hudumu kwa muda mrefu bila pambano jingine. Alionyesha pia jambo ambalo wengi waliomfuata hulisahau: safu ile si ngazi iliyonyooka daima, kwani hutokea Mweusi akamdona Kijivu, Kijivu akamdona Madoa, na Madoa, ambaye kwa hesabu zetu angepaswa kuwa chini ya wote, akamdona Mweusi bila woga. Sababu ni kwamba kila wawili huamua jambo lao siku yao. Na siku Madoa alipokutana na Mweusi, labda Mweusi alikuwa mgonjwa, au alikuwa amechoka kwa kuatamia, na kumbukumbu ya siku ile ikabaki kuwa sheria baina yao.

Kumbukumbu hiyo hutegemea kutambuana. Kuku hutambua mwenzake hasa kwa kichwa, yaani kwa undu, ndevu na sura yote ya uso. Na undu mkubwa mwekundu, ambao ni dalili ya afya na ukomavu, mara nyingi humtia hofu mpinzani kabla ya pambano. Jogoo wana safu yao na mitetea wana yao, na kwa kawaida jogoo mpevu hahusiki na ugomvi wa mitetea ila huingia kati yao na kuwatenganisha. Pora, kwa upande wake, huwaogopa mitetea wakubwa mpaka siku anapopata nguvu na sauti, ndipo huanza kuwapita mmoja mmoja.

Hapa pana faida ambayo mwenye kuku anapaswa kuijua. Mwaka 1944 Guhl na Allee, waliofanya kazi Chicago, walichapisha matokeo ya kulinganisha makundi ya mitetea waliokaa pamoja bila kubadilishwa na makundi ambayo kuku wake walitolewa na kuingizwa wapya mara kwa mara. Katika makundi yaliyotulia kuku walidonana kidogo, walikula zaidi na walitaga mayai mengi zaidi. Katika yale yaliyovurugwa, kila mgeni alifungua upya kesi zilizokwisha kuamuliwa, na chakula na nguvu zikapotelea katika vita. Basi daraja, ambayo kwa macho ya huruma huonekana kuwa dhuluma ya mkubwa juu ya mdogo, ndiyo inayompa mdogo nafasi ya kuishi bila kupigwa kila saa, maadamu anajua apite wapi na ale lini.

Aidha, daraja hiyo hutegemea sana jinsi riziki ilivyolala. Katika mwezi wa Novemba, mvua zinapokolea na senene wakaanguka usiku kwenye taa za Kayanga, Omurushaka na Isingiro, wale wanaoponyoka mikono ya watu hupatikana asubuhi majanini na kando ya njia; na kumbikumbi nao, baada ya mvua ya mchana, hutoka ardhini na kutapakaa kila upande. Siku kama hizo mtazamaji ataona tembe wa mwisho akila bega kwa bega na mtetea wa kwanza, kwani chakula kilichosambaa hakina mlango ambao mkubwa anaweza kuuzuia. Chakula cha lundo huwapa wakubwa, chakula cha kutawanywa huwafikia wote. Mama anayetupa pumba na mabaki ya ndizi katika chombo kimoja kidogo, kisha akalalamika kuwa baadhi ya kuku wake hawanenepi, apanue eneo la chakula kabla hajaongeza kiasi chake.

Sasa nije kwa mgeni. Wahenga walisema kuwa kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na katika vijiji vya Karagwe na Kyerwa kamba hiyo ungali unaiona: kuku aliyenunuliwa mnadani, au aliyeletwa zawadi na mkwe, hufungwa mguu kwa ukambaa wa mgomba karibu na jiko, akapewa maji na punje zake, akakaa hapo kwa siku kadhaa. Mwenye nyumba hufanya hivyo ili asipotee. Lakini kamba ile hufanya kazi nyingine iliyo kubwa zaidi. Wenyeji huja kumtazama. Siku ya kwanza humjia kwa manyoya ya shingo yaliyosimama, humzunguka, na mmoja au wawili humdona. Kwa kuwa hawezi kuwania uwanja, hujikunyata, na wao huona kuwa hana madai. Siku zinazofuata hupita karibu naye wakichakura bila kumjali. Anapofunguliwa, sura yake imekwisha kuwa ya kuzoeleka, na vita ambayo ingekuwa vita ya kundi zima hugeuka kuwa mashauri ya wawili wawili. Ni hekima kubwa, na nasikitika kuona baadhi ya vijana wanaoanza ufugaji wakiiacha, wakawatoa kuku wapya kumi katika tenga na kuwamwaga uani mchana mmoja.

Kamba hiyo ina faida ya tatu, ijapokuwa si ya tabia bali ya afya. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, huingia kibanjani mara nyingi kwa miguu ya kuku mgeni, na kumtenga mgeni mbali na wenyeji kabla ya kumsogeza jikoni, pamoja na chanjo ya tone la jicho inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu, huokoa makundi ambayo vinginevyo hufagiliwa yote kwa juma moja. Kundi lililokufa lote na kununuliwa upya ni kundi lisilo na wazee wala kumbukumbu. Hupigana kwa majuma kabla halijajua nani ni nani.

Juu ya jogoo mengi yamesemwa kwa haraka, na yaliyo mengi humpunguzia haki yake. Watu humwona kama mwenye kelele na ubabe. Mfuate asubuhi moja tu. Anapopata mchwa mnono chini ya gogo la mgomba lililooza, hamli. Humchukua kwa mdomo, humwangusha, humchukua tena, akitoa sauti fupi fupi za haraka huku kichwa kikipanda na kushuka, na mtetea aliye karibu huja mbio na kumla mbele yake. Peter Marler na wenzake, waliolichunguza jambo hili nchini Marekani katika miaka ya 1980, walionyesha kuwa jogoo huita zaidi chakula kikiwa kizuri na mtetea akiwapo, na hunyamaza akiwa mbele ya jogoo mwenzake. Walionyesha pia kwamba mara nyingine huita pasipo na chakula chochote, hasa mtetea akiwa mbali. Mitetea nao huyaweka mambo haya akilini, na jogoo mlishaji hupendelewa. Kwani katika ndege hawa uchaguzi hauko mikononi mwa dume peke yake, na Tommaso Pizzari na Tim Birkhead walithibitisha mwaka 2000 kwamba mtetea aliyelazimishwa na dume wa daraja ya chini huweza kuitoa mbegu yake mwilini.

Kisha pana ulinzi. Jogoo ana sauti mbili za hatari zisizochanganyika. Mwewe akipita juu ya uwazi ulio kati ya nyumba na migomba, hutoa sauti moja nyembamba, ndefu, isiyojulikana itokako. Na papo hapo mitetea hujilaza au hukimbilia chini ya majani, wakitazama juu kwa jicho la upande. Akitokea nguchiro, paka shume au mbwa mgeni, hutoa mlio mwingine wa kukatika katika, wa nguvu, unaorudiwa, na hapo kuku hawajilazi bali husimama wima na kutazama pande zote za ardhi. Christopher Evans na Marler walipowasikilizisha mitetea sauti hizo zilizonaswa katika kanda, pasipo mwewe wala mnyama yeyote, mitetea walifanya vivyo hivyo, kila sauti na jibu lake. Akiwa peke yake jogoo mara nyingi humwona mwewe akanyamaza. Hupiga kelele akiwa na wenzake wa kuokoa. Katika kibanja kilichofunga vema, ambamo majani ya migomba hugusana na kuacha njia chache za anga, onyo hilo hutosha kuwaokoa walio wengi, na ndiyo sababu vifaranga hupotea zaidi katika viwanja vilivyofyekwa vikawa vyeupe.

Hata kuwika kuna adabu yake. Watafiti wa Japani, Tsuyoshi Shimmura na Takashi Yoshimura, walionyesha mwaka 2013 kwamba jogoo huwika alfajiri kwa saa iliyo ndani ya mwili wake, hata akifungiwa mahali pasipo na mwanga wa nje, na mwaka 2015 wakaonyesha kwamba wa daraja ya kwanza ndiye anayeanza, kisha wa pili, kisha wa tatu, kwa utaratibu wao. Na wa kwanza akiondolewa, wa pili hushika nafasi yake. Waliosema kwamba jogoo la shamba haliwiki mjini walikuwa wameliona jambo hilo hilo kwa macho yao, kabla ya vyombo vya kunasia sauti.

Mtetea mwenye vifaranga hutoka katika safu na kuwa na sheria yake. Hujificha kutaga, mara nyingi katika kichaka cha mkahawa wa zamani au nyuma ya mafiga, na akishaatamia hukaa siku 21 akiondoka kwa muda mfupi tu kula na kunywa. Siku za mwisho vifaranga hulia wakiwa bado ndani ya mayai, na mama huwajibu, hata wanapoangua huwa wamekwisha kuijua sauti yake. Baada ya hapo kuku aliyekuwa wa mwisho uani, ambaye jana alikuwa akila nyuma ya mgomba, hutanua mbawa na kumkabili mbwa. Wakubwa wake humpisha. Huwaita wanawe kwenye chakula kizuri, na Christine Nicol na Stuart Pope wa Chuo Kikuu cha Bristol walionyesha mwaka 1996 kwamba akiwaona wanakula kile ambacho yeye amejifunza kuwa ni kibaya, huongeza wito na kuchakura ili kuwavuta waje kwenye kizuri. Mwaka 2011, Joanne Edgar na wenzake wa chuo hicho hicho walipowapuliza vifaranga kwa upepo mdogo mbele ya mama yao, moyo wake ulipiga kwa kasi ingawa yeye hakuguswa. Wahenga wetu waliagiza kuwa kuku mwenye watoto halengwi jiwe. Agizo hilo nalihesabu kuwa la haki tupu. Baada ya majuma kadhaa huanza kuwadona wanawe ili wajitegemee, nao hubaki pamoja kama ndugu, wakitembea kikundi kimoja, mpaka pora waanze kujaribiana vifua na safu yao mpya ianze kuundwa.

Jioni, kundi linaporudi kulala, mwenye macho ataisoma safu yote kwa mara moja, kwani ufito wa juu ndani ya jiko, penye joto na mbali na mlango, ni wa wakubwa, na wadogo hushuka kwa daraja mpaka chini. Hukaa kama wazee mkekani siku ya harusi, kila mmoja akijua mahali pake bila kuelekezwa. Ukiona vurugu za muda mrefu katika ufito ule, jua kuna nafasi iliyoachwa wazi mchana huo.

Na nafasi hiyo huachwa wazi na kisu chetu. Mgeni akija, jicho la mwenye nyumba humwendea jogoo mkubwa kwa sababu ndiye mwenye nyama na ndiye mwenye heshima ya mgeni. Mchuuzi naye akipita kwa baiskeli akielekea Murongo au Kayanga, humtaka huyo huyo. Bibi mmoja wa Nkwenda, ambaye jogoo wake mwekundu alikuwa na kipi kilichovunjika, aliulizwa bei na mchuuzi wa namna hiyo mbele yangu, akamjibu kwa upole: "Baba, huyo hauzwi. Siku nikimtoa, hawa pora watanivurugia uwanja mpaka mitetea wahame kutaga." Alikuwa na pora watatu, wote wanono, akamuuzia mmoja. Sikumwona mchuuzi akiridhika, lakini bibi yule alizungumza kama mtu ajuaye mambo ya nyumba yake: jogoo wa kwanza akiondoka, wale watatu wangepigana, mitetea wangekimbizwa huku na huku, hapangekuwa na wa kuita chakula wala wa kupiga mlio wa mwewe kwa uzoefu, na kwa majuma mayai yangepungua au kutagwa katika kibanja cha jirani.

Kwa hiyo, msomaji wangu wa Nyaishozi, wa Kaisho au wa popote penye kuku wanaotembea huru, nakuomba mambo machache yasiyo na gharama. Tawanya punje uani, usizilundike. Mfunge mgeni kamba mguuni, mbali kwanza kisha karibu, na umwachie muda wa kujulikana. Mwache mama na vifaranga wake wapite. Wachanje kuku wako wote siku moja pamoja na wa jirani yako. Na siku kisu kitakapotafutwa kwa ajili ya mgeni wa heshima, chukua pora wa pili au wa tatu, umwache jogoo mzee na kazi yake mpaka atakapotokea mrithi aliyekwisha kumshinda mwenyewe.